Mkunjo na Mikono: Habari za Sanduku la Karatasi

Lugha ya Kiswahili haikupungukiwa na majina ya vyombo vya kuhifadhia vitu. Sanduku ni neno lililotoka kwa Waarabu, kasha na bweta yalikuja na Wareno, na kila jina lilijipatia mahali pake: sanduku la nguo, kasha la bidhaa, bweta la hati na vito. Vyombo hivyo, vingawa mbalimbali kwa umbo na thamani, vina tabia moja: vikiwa vitupu huchukua nafasi ile ile vinayochukua vikijaa. Hamali aliyebeba kasha tupu alibeba upana wake wote na kimo chake chote. Sanduku la kadibodi, ambalo watu wa leo huliita boksi au katoni, limeivunja kanuni hiyo. Likiwa tupu hulala bapa kama jamvi. Likihitajiwa huinuliwa, pande zake zikakunjwa, chini yake pakafungwa, nalo likawa chombo. Baina ya hali hizo mbili hapana kitu ila mkunjo, na nyuma ya mkunjo, kwa muda mrefu sana, palikuwa na mkono wa mtu.

Waandishi wa historia ya viwanda wamezoea kuzisimulia habari hizi kama hadithi ya wavumbuzi: fulani alivumbua hiki mwaka huu, fulani akakitengeneza vizuri zaidi mwaka ule. Hadithi hiyo ni ya kweli, walakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni swali la nani aliyekunja, mahali gani, na kwa ujira upi. Yeyote atakayelifuata swali hilo ataona kwamba uvumbuzi mkubwa katika kazi hii haukuondoa ukunjaji duniani. Uliuhamisha tu kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine.

Masanduku ya kadibodi ya zamani hayakulala bapa. Mtengenezaji alikata kadibodi, akaichora mistari kwa ncha ya kisu hadi karibu nusu ya unene wake, akainua pande, akafunga pembe kwa utepe wa karatasi na gundi, kisha akalivika sanduku lote karatasi nyembamba yenye rangi. Kazi hii ilikuwa ya meza na mkasi, na kwa hiyo ilikaa nyumbani bila taabu. Mwaka 1844 Aaron Dennison, mtu wa biashara ya saa na vito mjini Boston, Marekani, alichoka kutegemea visanduku vilivyoagizwa kutoka ng'ambo. Akampelekea kadibodi baba yake Andrew, fundi viatu aliyekaa Brunswick katika jimbo la Maine. Mzee akakata, na mabinti zake wakaunga. Kiwanda kikubwa chenye jina la ukoo wao kilizaliwa katika nyumba hiyo. Jina la baba limo katika kila kitabu cha habari za karatasi. La mwana limo pia, na tena katika historia ya saa. Mabinti hutajwa kwa neno hilo moja tu, mabinti.

Katika familia ya Dennison kazi ilikuwa ya jamaa, na faida ilirudi mezani kwao. Hali haikuwa hivyo mashariki ya London katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, ambako maelfu ya wanawake waliunga visanduku vya kiberiti. Visanduku hivyo havikuwa vya kadibodi tupu: mwili wake ulikuwa kibanzi cha mti kilicholainishwa hadi kikawa chembamba kama karatasi, kikachorwa mistari ya kukunjia, kisha kikavikwa karatasi. Lakini kazi ilikuwa ile ile, na sheria, kama itakavyoonekana, haikutenga moja na nyingine.

Mwanamke wa Bethnal Green au Shoreditch alikwenda mwenyewe kuchukua vibanzi na karatasi kwa kampuni au kwa mtu wa kati, akasubiri zamu yake, akarudi na mzigo chumbani. Chumba kilikuwa kimoja mara nyingi, nacho kilikuwa jiko, kilikuwa malalo na kilikuwa karakana. Kila kisanduku kilikuwa na sehemu mbili, ganda la nje na kitoto cha ndani kinachosukumwa na kuvutwa. Ganda lilikunjwa katika mistari yake na kuzungushiwa karatasi yenye gundi. Kitoto kilikunjwa, kikawekewa chini yake, kikafungwa kwa utepe. Kilichokwisha kilitupwa sakafuni kikauke. Saa za usiku sakafu ilijaa, na kitanda kikajaa pia, na watoto wakalala palipobaki. Asubuhi vilikusanywa, vikafungwa matita na kurudishwa.

Malipo yalihesabiwa kwa dazeni 12, yaani visanduku 144. Katika miaka ya 1880 na ya 1890 kiwango kilichotajwa mara kwa mara kilikuwa peni 2 na robo kwa idadi hiyo. Yafaa msomaji aifanye hesabu mwenyewe. Shilingi ya Kiingereza ilikuwa peni 12. Ili apate shilingi moja, mwanamke alipaswa kuunga visanduku 768, na kwa kuwa kila kimoja kilikuwa na sehemu mbili, vidole vyake vilikunja vipande 1,536. Tena shilingi hiyo haikuwa yake yote. Unga wa kupikia gundi aliununua mwenyewe, na kamba za kufungia matita, na makaa ya kukaushia kazi siku za baridi na mvua. Saa za kwenda, kusubiri na kurudi hazikuhesabiwa popote.

Hapo ndipo watoto walipoingia. Mtoto wa miaka 5 hawezi kufua chuma wala kushona koti, lakini aweza kukunja kibanzi kilichokwisha kuchorwa mistari. Wepesi wa kazi, ambao ungedhaniwa kuwa rehema, ndio uliokuwa msiba wake. Kazi ngumu yahitaji mtu mzima mwenye nguvu au ujuzi, na mtu huyo aweza kudai; kazi ambayo kila mkono waiweza haina mkono wa kudai. Mjane aweza kuifanya, mgonjwa aweza kuifanya akiwa kitandani, mtoto aweza kuifanya kabla ya shule na baada yake, na kila mmoja wao, pasipo kukusudia, hushusha ujira wa mwenzake.

Mwezi wa Julai 1888 wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha kiberiti cha Bryant & May, huko Bow, waligoma. Mgomo huo ni mashuhuri. Mwandishi Annie Besant alikuwa amekwisha kuandika juu ya hali yao mwezi wa Juni, na hazikupita wiki nyingi wakapata sehemu kubwa ya waliyoyataka. Walakini waliogoma walikuwa watu wa kiwandani, waliokutana kila siku langoni na kusikia sauti zao wenyewe. Waliokunja visanduku majumbani hawakuwa na lango. Kila mmoja alikuwa na mlango wake, na nyuma ya mlango huo hakujua jirani wa mtaa wa pili alipewa nini kwa kazi kama yake. Chama cha wafanyakazi chahitaji kwanza wafanyakazi waonane.

Basi njia iliyopatikana ilikuwa ya kuwaonyesha. Mwaka 1906 gazeti la Daily News lilifanya maonyesho katika Queen's Hall, London, ya kazi zilizolipwa ujira wa kudhulumu. Bidhaa ziliwekwa pamoja na maelezo ya malipo yake. Na zaidi ya bidhaa, wafanyakazi wenyewe waliketi katika vibanda na kufanya kazi mbele ya watazamaji, waunga visanduku vya kiberiti wakiwa miongoni mwao. Mtu aliyekuwa na kisanduku mfukoni aliweza kusimama na kuona kinavyokunjwa, akasoma bei. Wako waliosema kwamba si adabu kuwaweka maskini hadharani kama vitu vya tamasha, na neno hilo lina uzito. Lakini jambo lililofichwa na kuta za vyumba elfu halikuwa na namna nyingi za kutoka nje. Mwaka huo huo kilianzishwa chama cha kupigania kima cha chini cha mshahara. Mwaka 1907 Clementina Black akatoa kitabu chake juu ya kazi za dhuluma na kima hicho. Na Mary Macarthur, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wanawake, hakuacha kuwasumbua wabunge.

Sheria ilipitishwa mwaka 1909, ikaanza kutumika mwaka 1910. Ililetwa bungeni na Winston Churchill, ambaye wakati huo alisimamia wizara ya biashara, na iliunda mabaraza ya kuweka kima cha chini katika kazi nne: ushonaji wa nguo za madukani, umaliziaji wa lesi, ufuaji wa minyororo, na utengenezaji wa masanduku. Maneno ya fungu la masanduku yastahili kuangaliwa. Hayakutaja karatasi peke yake, bali karatasi, kadibodi, vibanzi vya mti na vitu vya namna hiyo. Na hayakutaja masanduku tu, bali hata sehemu za masanduku. Waliyaandika watu waliojua jinsi mwajiri mwerevu angejitetea: kwamba kibanzi si kadibodi, na kwamba kitoto cha ndani si sanduku. Sheria ilisema pia kwamba wanawake waweza kuwa wajumbe wa mabaraza sawa na wanaume, na kwamba pale wafanyakazi wa majumbani walipo wengi, sharti nao wawe na wajumbe wao. Wanawake wa Uingereza hawakuwa na kura ya bunge mwaka huo. Mkunja visanduku aliweza kuketi mezani na kuamua ujira wa kazi yake kabla hajaruhusiwa kumchagua mbunge.

Wakati hayo yakipiganiwa London, ng'ambo ya Atlantiki kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kugeuzwa kwa njia nyingine. Yapasa kurudi nyuma miaka 30. Robert Gair alizaliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1839, akahamia New York angali kijana, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akaingia biashara ya karatasi na mifuko. Yasimuliwa kwamba mwaka 1879 mashine yake ilikuwa ikichapa mifuko ya mbegu. Ubapa mmoja wa chuma, uliowekwa ili ubane alama ya mkunjo, ulikuwa umeinuka kupita kiasi, na badala ya kubana ukakata. Mifuko mingi iliharibika kabla ya kosa kuonekana. Gair akang'amua kilichokuwa wazi mbele ya kila mtu: ikiwa ubapa mrefu hukata na ubapa mfupi hubana, basi bapa za vimo viwili zikiwekwa pamoja katika mashine moja zitakata umbo la sanduku na kuchora mikunjo yake kwa pigo moja. Kabla ya hapo kukata kulikuwa kazi ya peke yake na kuchora kazi ya peke yake.

Watu wengi hudhani kwamba mstari wa mkunjo ni mahali palipopunguzwa unene, kama ulivyokuwa ule wa kisu cha mzee Dennison. Sivyo. Ubapa butu huisukuma kadibodi ndani ya mfereji mwembamba ulio chini yake. Matabaka ya karatasi, ambayo yalikuwa yameshikamana, huachana kidogo mahali hapo, bila kukatika. Sanduku linapokunjwa, matabaka ya ndani huvimba na kufanya uvimbe mdogo upande wa ndani wa pembe, na uso wa nje, wenye rangi na maandishi, huzunguka pembe bila kupasuka. Uvimbe huo ndio bawaba. Fundi huangalia pia nyuzi za karatasi zimelala upande gani, maana karatasi ina mwelekeo kama ubao, na mikunjo mikubwa hutakiwa iukate mwelekeo huo ili kuta zisimame wima. Mambo haya ni madogo, lakini bila hayo sanduku lililolazwa bapa mwezi mzima ghalani halingeweza kuinuliwa kwa vidole viwili likasimama sawa.

Wenye biashara hawakuvutiwa na bawaba. Walivutiwa na nafasi. Masanduku ya mtindo wa kale yalisafirishwa yakiwa yameumbika, na gari lililoyabeba lilibeba hewa. Ya Gair yalifika yamepangwa kama kurasa za kitabu. Mwanzoni wanunuzi walikuwa wafanyabiashara wadogo wa vitu kama chai na vipodozi. Wimbi lilikuja baada ya kuundwa National Biscuit Company mwaka 1898. Biskuti za Marekani zilikuwa zikiuzwa kutoka mapipa yaliyo wazi madukani, ambamo ziliota unyevu na kuguswa na kila mkono. Mwaka 1899 kampuni hiyo ilitoa biskuti zake za Uneeda ndani ya katoni iliyotandikwa karatasi yenye nta, na juu ya katoni ikachapa picha ya mtoto aliyevaa koti la mvua. Gair alipata sehemu katika kazi ya kutengeneza katoni hizo. Alikuwa amehamia Brooklyn, chini ya daraja kubwa, na majengo yake yaliongezeka hata mtaa ukaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1927.

Ndugu mkubwa wa katoni, yaani boksi la kadibodi yenye mawimbi, ana habari fupi zaidi. Karatasi ya mawimbi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1856, nayo ilikuwa ya kutandika ndani ya kofia ndefu za wanaume. Mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaitumia kufungia chupa, na mwaka 1874 Oliver Long akaibandika karatasi bapa ili mawimbi yasinyooke. Ilibaki kuvishinda vita dhidi ya sanduku la mbao, na vita hivyo havikuwa vya uhandisi bali vya nauli, kwani kampuni za reli ziliyatoza zaidi mizigo iliyofungwa kwa karatasi. Shauri la mfanyabiashara Pridham wa California lililoamuliwa mwaka 1914 lilikataza ubaguzi huo, na tangu hapo seremala wa makasha alianza kupoteza kazi.

Katika masimulizi haya ya Marekani, mkono umekwenda wapi? Mashine ya Gair hukata na kuchora, haikunji. Kwa hakika ubora wake wote ulikuwa katika kuacha kukunja, maana lililokunjwa tayari ni lile linalobeba hewa. Kazi iliyofanywa na mwanamke wa Bethnal Green kwa malipo duni, lakini yaliyohesabika, iligawanywa vipande vipande na kuangukia watu wasioitwa wakunjaji. Mfungaji wa bidhaa kiwandani huinua katoni kabla ya kuijaza. Mwuza keki hukunja kisanduku mteja akisubiri. Vijana wa maduka ya piza hurundika masanduku yaliyokunjwa hadi darini kabla ya saa za jioni. Na huko Las Vegas, katika maonyesho ya kila mwaka ya wauza piza, hushindana nani atakunja upesi zaidi, na watazamaji hushangilia. Inashangaza kidogo kuyaweka maonyesho hayo karibu na yale ya mwaka 1906. Vidole ni vile vile, na mwendo ni ule ule. Tofauti ni kwamba huko London bei ya kila mkunjo ilikuwa imeandikwa kwenye kibanda.

Sehemu nyingine ya kazi ilichukuliwa na mashine kamili. Mwaka 1915 John Van Wormer wa Toledo, Ohio, alipewa hataza ya chombo cha karatasi cha maziwa kilichofika kwa mwuza maziwa kikiwa bapa, kikakunjwa, kikajazwa na kuzibwa huko huko. Baada ya 1951 kampuni ya Tetra Pak ya Sweden ilikwenda mbali zaidi: karatasi iliyotiwa plastiki iliingia mashineni ikiwa bado mviringo wa jora, ikatoka ikiwa pakiti ya pembe nne yenye nyuso za pembetatu, maziwa yakiwemo. Wakenya waliosoma shule za msingi baada ya mwaka 1979, wakati Rais Daniel arap Moi alipoanzisha maziwa ya shule, wanaikumbuka pakiti hiyo kwa jina la maziwa ya Nyayo. Waling'ata ncha yake na kunywa. Hapana mtu aliyeikunja.

Lakini mashine hupenda mambo mengi ya namna moja. Kisanduku cha manukato ya sikukuu, cha pete, cha zawadi ya harusi, kinachotakiwa kwa maelfu machache na kubadilishwa umbo kila msimu, hakistahili gharama ya mashine yake, na kwa hiyo hurudi mikononi. Katika nchi kadhaa bado hupelekwa majumbani kikiwa bapa, kwa matita, pamoja na gundi au bila gundi, na kulipiwa kwa idadi. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 177 juu ya kazi za majumbani, unaotaka mtu afanyaye kazi nyumbani kwake kwa ajili ya mwajiri atendewe sawa na wenziwe katika ujira, katika hifadhi ya uzazi, na katika haki ya kujiunga na chama. Nchi zilizouridhia hazijafika hata 20.